Kocha, nimgeuze mwanangu acheze kwa kushoto kama Nadal?

"Shikamoo kocha. Nina kijana wangu wa miaka minane, alianza tenisi mwaka jana na anaipenda kweli. Anaandika kwa mkono wa kulia, anakula kwa kulia, ila mpira wa miguu anapiga kwa kushoto. Nimesikia Rafael Nadal, yule bingwa wa tenisi, alizaliwa mtu wa kulia kabisa, mjomba wake akamgeuza kwa nguvu acheze kwa kushoto kwa sababu ndiko kuna ushindi. Na mimi nimeanza kumshikisha raketi kwa kushoto, hii ni wiki ya tatu. Raketi nilimnunulia ya wakubwa ili aizoee mapema. Mama yake anasema namtesa mtoto. Siku hizi Jumamosi ikifika anasema tumbo linauma, na juzi kasema bega la kushoto linamuuma. Niendelee au niache? Na nasikia Nadal hakuhangaika sana na shule, hilo nalo nilifikirie?"

Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma meseji yako mara mbili na nikwambie ukweli, kilichonishtua sio habari za Nadal, ni lile tumbo la Jumamosi. Mtoto aliyekuwa anaipenda raketi akianza kuumwa tumbo siku ya mazoezi, mara nyingi tumbo lenyewe halina shida yoyote. Kwa hiyo kabla hatujafika huko Mallorca kwa Nadal naomba hilo zoezi la kushoto ulisimamishe kuanzia wiki hii, sio kwamba umefanya dhambi, hapana, ni ili tupate nafasi ya kuangalia vizuri. Bega tutalirudia huko chini.

Wasiwasi wako naujua maana nimekaa na wazazi pembeni ya uwanja miaka mingi. Umeona kama kuna mlango uko wazi, na unaogopa mtoto akifika miaka kumi na moja utakuwa umefungwa na wewe ndo utakuja kulaumiwa kwamba hukuthubutu. Ni woga wa mzazi mzuri. Shida ni kwamba huo mlango umesimuliwa kwa stori ambayo haikuwa hivyo.

Kwanza huyo unayemwita mjomba, Toni Nadal, sio mjomba wa Rafa. Wazungu wana neno moja tu kwa kaka wa mama na kaka wa baba, ndo maana watangazaji wetu wanatuletea "mjomba", lakini Toni ni ndugu wa Sebastián, baba yake Rafa, yaani kwetu huyo ni ami. Na unajua mwenyewe tofauti yake, mjomba unamkimbilia akutetee, ami ana rungu la baba mkononi. Toni alilitumia hilo rungu vizuri tu, na nitakwambia alilitumia wapi, ila sio kwenye mkono wa kushoto.

Pili, hakumgeuza. Rafa alizaliwa Manacor, mji wa kawaida tu kwenye kisiwa cha Mallorca, Hispania, tarehe 3 Juni 1986, na alianza kupiga mipira na Toni akiwa mdogo sana, hata hajaanza shule ya maana. Sasa fikiria mtoto wa umri huo na raketi, ni nzito, kwa hiyo alikuwa anaishika kwa mikono miwili pande zote, upande wa fohendi (ule wa mkono wa raketi) mikono miwili, upande wa bekihendi (ule wa pili) mikono miwili. Miaka ikaenda hivyo hivyo. Toni alipokuwa anamwangalia akaona mipira inayopigwa kutoka upande wa kushoto ina nguvu zaidi, akajua huyu kwenye tenisi ni wa kushoto, basi. Baadaye, Rafa akikaribia miaka kumi, Toni akamwambia kwamba huko juu karibu hakuna anayecheza fohendi kwa mikono miwili, achia mkono mmoja. Akaachia. Mkono uliobaki kwenye raketi ndo ule uliokuwa unafanya kazi tangu zamani. Rafa mwenyewe ameshasema mara kadhaa kwamba hiyo stori ya kulazimishwa ni ya kutunga.

Ila kuna ukweli ndani yake, na hapo ndo watu wanapochanganyikiwa. Nadal anaandika kwa kulia, gofu anacheza kwa kulia, kikapu anarusha kwa kulia. Na mpira wa miguu, kama mwanao, mguu wenye nguvu ni wa kushoto, na hakuwa mchezaji wa mchezo mchezo huyo, ndugu mwingine wa baba yake, Miguel Ángel, alicheza Barcelona na timu ya taifa ya Hispania, na Rafa aliachana na mpira wa miguu akiwa na miaka kama 12 hivi ili abaki na tenisi. Kwa hiyo ni mtu wa kuchanganya, kazi hii mkono huu, kazi ile mkono ule. Watu wa hivyo wapo, sio wengi lakini wapo, na hicho kipengele chako cha mguu wa kushoto ndo kimenifanya nisikujibu kwa neno moja la "acha".

Sasa kushoto kunasaidia nini hasa, maana wengi wanasema tu "wa kushoto ni wagumu" hawaelezi ugumu unatoka wapi.

Chukua chaki uchore uwanja hapo sakafuni. Kwenye tenisi pointi zinapigwa kwa kupokezana, moja unaanzishia upande wa kulia, inayofuata upande wa kushoto. Ukihesabu (pointi ya kwanza inaitwa 15, ya pili 30, ya tatu 40) utaona kwamba 40-30, 30-40, na adivantiji ya mtu yeyote, yaani aliye mbele kwa pointi moja baada ya 40-40, zote zinachezwa kutokea upande wa kushoto. Yaani pointi nyingi za kumaliza gemu zinaangukia huko. Mtu wa mkono wa kushoto akisevu, yaani akianzisha mpira, kutokea hapo mpira unajikunja kumkimbia mpokeaji, unatoka nje kabisa upande wa bekihendi ya mtu wa kulia, jamaa anavutwa mpaka karibu na uzio na uwanja wote umebaki wazi. Wa kulia naye ana mpira wa hivyo, ila yeye unamtokea vizuri upande ule mwingine, kwenye 40-15 na 15-40, na pale pointi ya uamuzi inakuja mara chache zaidi.

Jambo la pili ni fohendi. Fohendi ya Nadal ya mshazari ilikuwa inaenda moja kwa moja kwenye bekihendi ya wa kulia, na haikuwa inaenda tu, ilikuwa inazunguka vibaya mno, waliopima kwa kamera walipata wastani wa mizunguko kama 3,200 kwa dakika. Mpira wa hivyo ukigusa udongo mwekundu wa Roland Garros, yale mashindano makubwa ya Paris, unang'ata ardhi alafu unaruka juu ya bega. Roger Federer wa Uswisi, mpinzani wake mkubwa, alikuwa na bekihendi ya mkono mmoja, na mpira ulio juu ya bega kwa mkono mmoja ni kama kujaribu kufunga dirisha la juu ukiwa umekaa kwenye kiti, utafika lakini huna nguvu. Fainali yao ya pale 2008 Nadal alishinda 6-1, 6-3, 6-0, na huyo aliyepigwa alikuwa namba moja wa dunia. Kwa jumla walikutana mara 40, Nadal akashinda 24.

Umeona eeh, faida ipo, sikudanganyi. Sasa geuza upande wa pili. Novak Djokovic wa Serbia naye ni wa kulia, mpira ule ule wa juu ya bega unamkuta na mikono miwili kwenye raketi, anaushusha kama hajali. Hao walikutana mara 60, na Djokovic yuko mbele 31 kwa 29. Kama kushoto kungekuwa dawa, Djokovic asingekuwa na mataji 24 makubwa, yaani ya yale mashindano manne makubwa ya kila mwaka, na Nadal 22. Kushoto kulimsumbua mtu mwenye udhaifu fulani kwenye uwanja wa aina fulani, na nyuma yake kulikuwa na mwili na kichwa cha Nadal. Wa mashoto duniani ni kama mtu mmoja kwenye kila kumi, wengi wao hawajawahi kuona hata robo fainali ya wilaya.

Gharama yake sasa. Sevu kwenye tenisi ni kitendo cha kurusha, mwili unafanya kilekile unachofanya ukirusha jiwe kwenye embe. Mtoto anayerusha kwa kulia, ubongo wake umeshajenga hiyo njia tangu ana miaka miwili mitatu, bega, kiuno, mguu, muda wa kuachia, vyote vinajuana. Ukimwambia asevu kwa kushoto unamwambia ajenge barabara mpya wakati ile ya lami ipo. Itajengeka, lakini miaka mingi itabaki ya vumbi. Hata kwa Nadal mwenyewe sevu ndo silaha iliyochelewa, mpaka US Open ya 2010, mashindano makubwa ya Marekani, alipobadilisha kidogo anavyoshika raketi ndo ikaanza kupita kilomita 210 kwa saa, na akalibeba lile kombe alilokuwa analikosa. Angelique Kerber wa Ujerumani, mtu wa kulia kwa karibu kila kitu, alikuwa anacheza kwa kushoto mpaka alipostaafu 2024, ana mataji matatu makubwa, na wapinzani wake siku zote walikuwa wanaivizia sevu yake. Na Ken Rosewall wa Australia ni kinyume chake, alizaliwa wa kushoto, baba yake akamfundisha kwa kulia, alikuja kuwa na bekihendi ambayo wazee bado wanaiongelea, mataji manane makubwa, na sevu ya kawaida tu. Unaona mchezo unavyojirudia? Bekihendi inapata, sevu inalipa.

Hapo kwenye bekihendi kuna kitu cha kwako bure kabisa. Kwa mtoto wa kulia anayepiga bekihendi ya mikono miwili, mkono unaosukuma hasa ni wa kushoto, ule wa juu. Kwa hiyo mkono wake wa kushoto hauendi kupotea, una kazi, na ukitaka kuufanyisha mazoezi mwache apige bekihendi huku mkono wa kulia umeshika kwa vidole viwili tu, mipira kumi kumi na tano, iwe mchezo. Mara nyingi huwa wanacheka wenyewe mpira ukienda kusikotarajiwa.

Niweke la kwangu kidogo. Mimi ni wa mashoto. Darasa la pili mwalimu alinichapa vidole mpaka nikahamia kulia, kwa sababu kushoto ni mkono wa chooni, unajua mambo ya kwetu. Mpaka leo naandika kwa kulia na mwandiko wangu ni kama kuku amepita kwenye unga, raketi ndo nilirudi nayo kushoto nikiwa mkubwa. Kwa hiyo inanichekesha na kuniuma kidogo kuona sasa tumeanza kuwageuza kwenda upande ule mwingine, kwa ajili ya pesa safari hii.

Cha kufanya basi. Acha raketi ndani. Nenda naye nje na mipira chakavu, mwambie arushe mbali awezavyo, mara kumi kila mkono, bila kumwambia unapima nini. Mpe fagio la uani, angalia mkono upi unakuwa chini ukisukuma. Mpe rungu au kipande cha mti ashike kwa mikono miwili apige mpira unaomrushia, mwache asimame upande anaotaka, alafu kaa kimya, hiki ndo kigumu zaidi kwako. Fanya siku tofauti tofauti kwa wiki mbili. Ikiwa anarusha mbali kwa kulia na tofauti ni kubwa, basi ni wa kulia, mguu wa kushoto ni zawadi ya mpira wa miguu, na mada imeisha. Ikiwa tofauti ni ndogo, na akipiga kwa mikono miwili mwenyewe anahamia kushoto na mpira unatoka na mlio mzuri, basi unaye mtu wa kuchanganya, na hapo fanya kama Toni, mwache apige kwa mikono miwili pande zote mwaka mzima hata miwili, mkono utajisema. Kwenye umri wa miaka minane hamna kinachochelewa.

Raketi ya wakubwa iondoe. Ya mtu mzima ni inchi 27, mtoto wa miaka minane anatakiwa inchi 23 mpaka 25 kutegemea urefu wake. Na mipira pia, ile ya kawaida inaruka mpaka usoni kwake, shirikisho la tenisi la kimataifa lilishaweka kwamba mashindano ya watoto wa miaka kumi kushuka chini yanatumia mipira ya polepole, ile yenye rangi nyekundu, ya machungwa au ya kijani. Huku kwetu kuipata ni kazi, najua, basi omba klabu mipira iliyochoka, iliyolala kabisa, inafanya kazi karibu ileile.

Bega. Mkono ambao haujazoea, raketi nzito, mpira mgumu, wiki tatu mfululizo, sishangai linauma. Ila mtoto sio mtu mzima mdogo, kwenye ncha za mifupa yake kuna sehemu laini zinazokua, na hizo ndo zinazochoka kwanza. Mpumzishe kurusha na kusevu wiki mbili. Kama baada ya hapo bado linauma, au linamwamsha usiku, au hawezi kuinua mkono sawasawa, au pamevimba, mpeleke kwa daktari wa mifupa amwone kwa macho, usiniandikie mimi, na usimpake dawa ya kuchua ukamrudisha uwanjani. Na lile tumbo, kama ukiacha kumlazimisha halafu bado linauma hata siku zisizo za tenisi, hilo nalo ni la daktari.

Kuna kitu kwenye maisha ya Nadal ambacho ningependa ukichukue badala ya mkono. Mwaka 2005, ana miaka 19, ametoka kuchukua Roland Garros kwa mara ya kwanza, mguu wa kushoto ukagoma. Madaktari wakakuta ugonjwa wa nadra wa mfupa mdogo wa katikati ya unyayo, unaitwa Müller-Weiss, na kulikuwa na hofu ya kweli kwamba kazi imeisha. Dawa iliyopatikana ni soli maalumu ndani ya kiatu. Mguu ukatulia, lakini mzigo haukupotea, ulihamia kwingine, magoti yakaanza, mgongo ukafuata. Miaka yote aliyocheza alikuwa anauhamisha ule mzigo huku na kule, mpaka 2022 alipobeba Roland Garros ya 14 mguu umechomwa sindano za ganzi ili asiusikie. Pale Paris alishinda mechi 112 na kupoteza nne. Mwili ukiuhamisha kutoka ulivyojipanga, kuna mahali unakuletea bili, yeye alihamisha kwa sababu hakuwa na njia nyingine, wewe na mwanao njia mnayo.

Rungu la ami sasa. Toni alimchezesha Rafa kwa mipira mibovu na kwenye viwanja vibaya, akamfanya afagie uwanja baada ya mazoezi, na raketi kutupwa chini ilikuwa marufuku. Kuna siku Rafa mtoto alisahau maji, jua kali, Toni angeweza kwenda kumnunulia, hakwenda, alicheza na kiu yake. Na kuna mechi alipoteza kumbe raketi imepasuka, hakugundua mpaka alipoambiwa, kwa sababu alishazoea kwamba akishindwa kosa ni lake. Hayo makali mengine mimi nisingeyafanya, maji ningempa, ila umeona ukali ulikuwa kwenye nini? Mkono alimwachia achague mwenyewe, begi lake ndo alilazimishwa kubeba mwenyewe.

Shule, hilo ondoa kichwani. Akiwa na miaka kama 14 alitakiwa aende Barcelona akafundishwe huko kwa udhamini, familia ikakataa, akabaki kisiwani nyumbani kwao. Na kumbuka familia ilikuwa na biashara inayokwenda na kocha alikuwa ami yake aliyesema hadharani kwamba hakuwa akilipwa na Rafa. Hata angekosa tenisi, yule asingekosa ugali. Shule iliachwa pembeni wakati tayari anafunga watu wazima, Aprili 2002 akiwa na miaka 15 alishinda mechi yake ya kwanza ya ATP, mashindano ya wanaume wa kulipwa, palepale Mallorca. Mwanao akifika hapo nipigie, tutaongea.

Na mama yake mwambie nimesema yuko sahihi kwenye nusu yake. Jumamosi nenda na raketi ndogo, muazime mahali, mwekee chini uwanjani asiikute mkononi mwako, kaa benchi na chupa ya maji, usimwambie aishike vipi. Alafu nitumie meseji uniambie aliiokota kwa mkono gani.